Kitulo: Nyasi Zilizobaki na Viazi Vilivyoondoka

Msafiri anayepanda kutoka Chimala kwenda Matamba, akizihesabu kona 57 za barabara ile inayopanda ukuta wa bonde, hufika juu akiwa ameacha joto la Usangu nyuma yake, na akiendelea mbele hujikuta katika nchi ya nyasi fupi, upepo na ukungu. Huo ndio uwanda wa Kitulo, ulioko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Kilele cha Mtorwi, chenye mita 2,961, kiko hapo hapo. Wenyeji wameuita uwanda huu Bustani ya Mungu, na mtu akifika kati ya Desemba na Aprili haulizi sababu, kwa kuwa mimea ya aina zipatazo 350 huota juu yake, zikiwemo aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini, pamoja na maua mengine ambayo hayapatikani kokote isipokuwa katika milima hii.

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea chini ya maua hayo, sentimita chache ndani ya udongo. Tangu miaka ya 1990 viazi vya okidi vilianza kuchimbwa kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Tim Davenport na Henry Ndangalasi ulikadiria kwamba kati ya mimea milioni 2.2 na milioni 4.1 ilikuwa ikivushwa kila mwaka, na kwamba aina zipatazo 85 zilikuwa hatarini kutokana na biashara hiyo. Ukigawanya makadirio hayo kwa siku zote za mwaka unapata mimea 6,000 hadi 11,000 kwa siku, na hesabu hiyo ni ya upole, kwa sababu uchimbaji hufanyika katika miezi michache tu. Mwaka 2002 serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 hifadhi yenye eneo la kilomita za mraba 412.9 ikatangazwa rasmi chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ilisifiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa hivi: kulikuwa na maua, wakaja wachimbaji, ikawekwa hifadhi, maua yakapona. Sina ugomvi na hatua yoyote katika masimulizi hayo, lakini yanaacha nje jambo ambalo mwanaikolojia angelitazama kwanza, yaani kile kinachoifanya nyasi ya mlimani iwe nyasi ya mlimani.

Watu wengi, wakiwemo wapangaji wa ardhi, huiona nyika ya juu kuwa mahali ambapo msitu ulikuwepo ukakatwa, au mahali ambapo msitu ungepaswa kupandwa. Ni kweli kwamba moto wa binadamu umesukuma kingo za misitu mingi ya milimani, na kwamba pale nyasi zinapokutana na msitu wa Livingstone mpaka huo umesogezwa huku na huku kwa karne nyingi. Hata hivyo, idadi ya mimea na ndege wanaotegemea nyasi hizi peke yake haiwezi kuelezwa kwa ukataji wa miti wa vizazi vichache. Mmea usiopatikana popote ila katika nyasi za mlima mmoja umekuwepo hapo muda mrefu wa kutosha kujitenga na jamaa zake. Mbayuwayu buluu, ambaye dunia nzima imebakiwa na wachache, huzaliana katika nyasi za milimani zenye mashimo ya ardhini na mabonde yenye unyevu, na tandawala, yule ndege mkubwa wa mbugani, hutembea hapa kwa mwendo wake wa madaraka bila kuhitaji mti wowote. Nyasi za Kitulo ni za kale. Zinashikiliwa hivyo na sakitu za usiku katika miezi ya baridi, na udongo wenye maji mengi katika mabonde, na moto wa kiangazi.

Mimea inayoishi chini ya masharti hayo haina budi kuwa na akiba mahali ambapo sakitu na moto havifiki. Nyasi zenyewe huchipua kutoka kwenye mashina yaliyojificha usawa wa ardhi. Maua mengi yanayosifiwa ya Kitulo, kuanzia okidi hadi yale mekundu na ya njano yanayosimama kama mienge mabondeni, yana viazi, vitunguu au mizizi minene ardhini. Moto wa nyasi hupita upesi, na joto lake haliingii sana kwenye udongo, hivyo kiazi kilichozikwa kina cha vidole vichache hakihisi mengi. Kinachohesabika zaidi ni wakati wa moto. Ukipita mwishoni mwa kiangazi kabla ya chipukizi kutokeza, huondoa majani makavu yaliyolala na kuruhusu mwanga kufika chini, na mvua za Novemba zikija uwanda huwaka tena, safari hii kwa rangi. Ukipita chipukizi zikiwa nje, hukata maua ya mwaka mzima. Kuzuia moto kabisa nako kuna hasara yake, kwa sababu nyasi kavu hujirundika hadi zinaifunika mimea midogo.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uhai wa uwanda huu imewekwa ghalani, na ghala hilo liko chini ya ardhi. Mchimbaji wa chikanda hakuja kuvuna mazao ya shamba; aliingia ghalani.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo hili inafaa kumfuata okidi mmoja katika mwaka wake. Okidi wengi wa ardhini wanaochimbwa, wa jenasi za Disa, Satyrium, Habenaria na nyinginezo, huwa na viazi viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni cha mwaka uliopita, nacho ndicho kinachotoa chakula cha kuchipulia na kuchanulia maua, kikiendelea kusinyaa kadiri msimu unavyokwenda. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa, kinachokua pembeni ya kile cha zamani, na ndicho kitakacholala ardhini wakati wa kiangazi na kuwa mmea wa mwaka ujao. Mnunuzi hataki kiazi kilichosinyaa. Anataka kile kigumu. Kwa hiyo anayenunua kiazi kimoja kizuri ananunua mmea mzima wa mwaka unaofuata, na kile kinachoachwa shimoni hakina nguvu ya kuanza upya.

Kuna la pili, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa chote. Kiazi kilicholala hakionekani. Hakuna mtu anayeweza kutembea juu ya Kitulo mwezi Agosti, uwanda ukiwa umeungua na kuwa mweusi, akajua okidi wako wapi. Mchimbaji humtambua okidi kwa majani yake, na kwa urahisi zaidi kwa ua lake. Ua ambalo kwa mdudu ni mwaliko, kwa mchimbaji ni kibao cha kuonyesha mahali. Matokeo yake ni kwamba mimea mingi hung'olewa kabla mbegu hazijakomaa, na mimea mikubwa yenye maua mengi, ambayo ndiyo ingetoa mbegu nyingi kuliko mingine, ndiyo inayoonekana mapema na ndiyo yenye viazi vinene. Mkulima wa mahindi huchagua gunzi bora kwa ajili ya mbegu. Hapa mambo yamegeuzwa, mbegu bora huenda sokoni na dhaifu ndizo zinazoachwa shambani.

Mtu anaweza kujibu kwamba okidi hutoa mbegu kwa maelfu, na kwamba mmea mmoja uliopona unaweza kulijaza bonde. Mbegu za okidi ni kweli ni nyingi, tena ni nyepesi kama vumbi, lakini wepesi huo umetokana na kutobeba chakula chochote. Mbegu ya harage huondoka kwa mama yake ikiwa na masurufu; mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu, na haiwezi kukua mpaka ikutane ardhini na kuvu wa aina inayomfaa, ambao humlisha katika hatua zake za mwanzo. Mbegu nyingi hufia njiani. Ile inayofanikiwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Zaidi ya hayo, okidi huhitaji mchavushaji, na baadhi yao wamejenga maua yenye vijirija virefu vya mbochi vinavyofikiwa na wadudu wenye ulimi mrefu pekee. Maua yakiwa machache na yametawanyika, mdudu hana sababu ya kupita kutoka moja hadi jingine, na hata mimea iliyosalia huweza kumaliza msimu bila mbegu. Kutokana na hayo, kundi la okidi lililopunguzwa mno haliporomoki kwa hatua sawa na zile za uchimbaji. Huenda likaonekana kutulia kwa miaka michache, kisha likatoweka bila mtu kuligusa.

Jambo la tatu ni la utambuzi. Mchimbaji hajali jenasi. Okidi wa aina mbalimbali hufanana wakiwa na majani tu, na vikishamenywa na kukaushwa viazi vyao hufanana zaidi. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi katika masoko ya Zambia miaka iliyofuata ilibidi watumie vinasaba ili kujua ni aina gani zilizomo ndani ya chikanda. Mmea adimu wa bonde moja la Kitulo huchanganywa gunia moja na mmea wa kawaida wa Ufipa, kwa bei moja, na uadimu wake hauonekani popote katika hesabu ya mfanyabiashara.

Sasa tugeukie upande wa wanunuzi, kwa kuwa bila wao nisingekuwa na kisa. Chikanda, ambayo pia huitwa kinaka, ni chakula cha asili cha kaskazini mwa Zambia, hasa miongoni mwa Wabemba. Viazi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, unga ukachanganywa na karanga zilizosagwa, chumvi, pilipili na magadi, kisha mchanganyiko ukapikwa hadi ushikamane, ukipoa hukatwa vipande kama mkate mzito. Ni chakula kitamu na cha heshima, na sioni sababu ya kukizungumzia kana kwamba ni uhalifu. Kilichobadilika ni mahali kinapoliwa. Watu wa kaskazini walipohamia Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba walihama na chakula chao, majirani wakakionja, na kitoweo cha msimu kikawa bidhaa ya kila siku ya wauzaji wa barabarani na baadaye ya maduka. Okidi wa Zambia walipopungua, wafanyabiashara walivuka kupitia Nakonde na Tunduma. Baada ya Tanzania kubanwa, viazi vilianza kutafutwa pia Malawi, Msumbiji, Kongo na Angola.

Mwendo huo si wa Afrika peke yake. Nchini Uturuki unga wa viazi vya okidi, uitwao salep, hutengenezwa kinywaji na aiskrimu, na okidi wa huko walipopungua wanunuzi waligeukia Iran, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria uvunaji wa mimea milioni 7 hadi 11 kwa mwaka. Mazingira ni tofauti na mapishi ni tofauti, ila mmea una udhaifu ule ule, na kila soko lilipomaliza mlima wake lilihamia mlima wa jirani.

Kwa upande wa wachimbaji, wilaya ya Makete ina habari inayouma. Ni miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya na UKIMWI katika miaka ya 1990 na 2000. Utafiti uliofanywa huko kuhusu wakusanyaji wa okidi ulionyesha kwamba chakula ambacho zamani wenyeji hawakukithamini sana kilikuwa kimegeuka kuwa chanzo cha fedha, na kwamba wengi wa waliokichimba walikuwa wanawake na vijana, mara nyingi kutoka kaya zilizoguswa na maradhi hayo. Ukilitazama kwa makini unaona mantiki yake. Kilimo cha viazi mviringo au pareto kinahitaji mikono, mbegu, mbolea na miezi ya kusubiri. Kuchimba okidi kunahitaji jembe dogo na siku moja. Kaya iliyopoteza watu wake wenye nguvu haina kazi nyingine ya aina hiyo karibu. Kwa hiyo upungufu wa maua juu ya mlima na upungufu wa watu wazima katika vijiji vya chini yake vilikuwa vimefungamana, na mtu anayetaka kuuelewa mmoja bila mwingine atakosea hesabu zote mbili.

Je, hifadhi ilifanya nini? Nionavyo, ilifanya mambo makubwa mawili na kushindwa jambo moja ambalo halikuwa katika uwezo wake. La kwanza ni kwamba ilizuia jembe kubwa. Watu hulisahau hili kwa sababu biashara ya viazi vya okidi ina mvuto wa kisa cha kipelelezi, ilhali kulima uwanda kwa viazi mviringo, au kuupanda misonobari, kungeumaliza kwa uhakika zaidi kuliko wachimbaji wote wa chikanda. Shamba lililoachwa hurudisha nyasi katika miaka michache, na kwa mbali huonekana kama zamani, lakini mimea yenye viazi na mizizi minene hurudi polepole mno au hairudi kabisa. Msonobari nao una mbegu yenye bawa, hauhitaji kupandwa mara ya pili. La pili ni kwamba hifadhi ilipunguza uchimbaji katika kiini cha uwanda, mahali ambapo askari wanaweza kuona mbali, kwa kuwa katika nchi isiyo na miti mtu anayeinama na jembe hawezi kujificha kirahisi.

Lililoshindikana ni kuipunguza biashara yenyewe. Mahitaji ya Lusaka hayakubadilika kwa tangazo la serikali la Dar es Salaam, na vilima visivyo na hifadhi, kuanzia Umalila hadi Ufipa, havikuwa na mlinzi. Okidi wote wamo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambao Tanzania na Zambia zote ni wanachama wake, hivyo kisheria kila gunia linalovuka lingepaswa kuwa na kibali. Lakini ofisa wa mpakani anayefungua gunia la viazi vidogo vilivyokauka anaona chakula, na hakuna sura ya ua ndani yake ya kumkumbusha mkataba wowote.

Kuna pia suala la maji, ambalo kwa maoni yangu lingestahili kutajwa mapema zaidi katika mijadala ya Kitulo kuliko linavyotajwa. Mito inayoanzia upande wa kaskazini wa uwanda huu na milima jirani huteremka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, unaolisha mashamba ya mpunga, hifadhi ya Ruaha na bwawa la Mtera, na hatimaye Rufiji. Upande wa kusini maji huelekea Ziwa Nyasa. Nyasi zenye mizizi mingi na udongo wa volkano wenye tabaka nene la mboji hupokea mvua na ukungu na kuyaachilia maji kidogo kidogo katika kiangazi. Misonobari na mikaratusi ikipandwa juu ya nyasi hizo hunywa maji mengi kuliko nyasi, jambo ambalo limepimwa katika nyasi za milimani za Afrika Kusini kwa miongo kadhaa. Mkulima wa mpunga wa Mbarali pengine hatawahi kuona okidi hata mmoja, lakini anautegemea udongo ule ule.

Swali la vitendo linalobaki ni nini kipimwe. Mara nyingi tathmini ya hali ya uwanda hufanywa kwa kutazama maua msimu wa mvua, na idadi ya maua hupanda na kushuka kwa sababu ya mvua ya mwaka huo, wakati wa moto, na ukweli kwamba okidi anaweza kukaa mwaka mzima ardhini bila kuchanua. Mwaka wa maua mengi hauthibitishi kwamba ghala limejaa. Kinachohitajika ni viwanja vidogo vya kudumu vilivyowekewa alama, ambamo mimea ile ile inafuatwa mwaka hadi mwaka, mmoja mmoja, ikiwemo miche isiyo na ua, kwa sababu miche ndiyo inayoonyesha kama mbegu zinakutana na kuvu wao. Viwanja hivyo viwekwe ndani ya hifadhi na nje yake, katika miteremko iliyochimbwa na isiyochimbwa, na kalenda ya moto iandikwe kando ya hesabu. Kilimo cha okidi wa chikanda, ambacho hupendekezwa kila mara kama jawabu, kinaweza kufika siku moja, ila kwa kuwa mbegu za okidi haziwezi kuota zenyewe shambani bila kuvu anayefaa, sishauri kiwekwe kwenye mipango kana kwamba mbegu zake zinauzwa dukani.

Kwa kaya za Makete jambo la karibu zaidi ni kipato kinachokuja katika miezi ile ile ambayo okidi huchanua, kwa sababu ndio pia miezi ya njaa kabla ya mavuno. Mradi wowote unaoleta fedha mwezi wa Julai haumsaidii mtu anayechukua jembe dogo mwezi wa Januari.

Ukisimama juu ya Kitulo mwishoni mwa kiangazi, baada ya moto kupita, mteremko uliochimbwa na mteremko ambao haukuguswa hufanana kabisa: majivu yale yale, vichaka vile vile vya nyasi vilivyoungua hadi shinani. Tofauti yao hujulikana wiki chache baada ya mvua za kwanza, wakati mmoja unapoanza kutoboka chipukizi na mwingine unaota nyasi tu.